Kati ya Hekima na Uchawi

Kwetu mzee hapitwi bila salamu. Mtoto anayerudi kisimani na ndoo kichwani hupunguza mwendo, akaamkia shikamoo, akangoja marahaba, ndipo akashika njia. Kondakta wa daladala asiye na simile na abiria yeyote hupaza sauti watu wampishe bibi akae. Hospitali nyingi za serikali Tanzania zimebandika mabango ya kuwataka wagonjwa wengine wamtangulize mzee. Mgeni akiyaona haya atasema hapa ndipo pa kuzeekea.

Ila heshima yote hiyo ameandaliwa mzee ambaye akili yake ingali timamu. Siku akili inapoanza kuyumba tunabaki mikono mitupu, maana katika nyumba zetu tumemwekea mzee viti viwili tu. Kimoja ni cha hekima: hapo huketi anayeshauri, anayepatanisha na anayekumbuka mipaka ya shamba. Cha pili ni cha uchawi: hapo husukumwa yule ambaye maneno na matendo yake yametushinda kuyaelewa. Kiti cha mgonjwa hakimo. Nadhani madhila mengi ya uzeeni yanaanzia kwenye upungufu huo wa samani.

Nianze na kiti cha hekima, kwa kuwa ubaya wake hauonekani upesi. Mwalimu mstaafu anarudia kisa kimoja mara tatu kabla chai haijapoa. Wajukuu wanakonyezana, mama yao anawakemea: huyo babu yenu, msimcheke. Miezi inapita. Anaficha pesa za pensheni ndani ya foronya, anasahau, kisha anamshutumu mkaza mwanawe kuwa kamwibia. Anatoka kwenda msikiti alimosali tangu ujana wake, na analetwa nyumbani na kijana wa bodaboda aliyemkuta amesimama njia panda akishangaa. Kila hatua inapewa jibu moja: ni uzee tu. Jibu hilo husemwa kwa upole na kwa nia njema kabisa, na ndilo linalofunga mlango wa hospitali.

Nyuma ya jibu hilo imejificha hofu ya aibu. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1927. Mathari ya Nairobi ni kongwe zaidi, ya mwaka 1910. Majina ya mahali hapa pawili pa kutibia watu yamegeuzwa matusi ya mitaani, na kila mtoto anayakuta yakitumika hivyo kabla hajajua kuwa ni hospitali. Nani basi atampeleka baba yake mzazi, aliyewahi kuwa mzee wa kanisa au msemaji wa ukoo, mahali ambapo hata kupataja ni kutukana? Tunaona afadhali kumsitiri. Kumsitiri huanza kwa kumwacha nyumbani siku ya harusi, kukaendelea kwa kumfungia chumba cha uani wageni wakija, na mwisho mlango ukabaki umefungwa hata wageni wakiondoka.

Akifika hospitali, heshima humfuata hadi huko na kumziba mdomo. Kaa asubuhi moja kwenye benchi la wagonjwa wa nje utazame. Bibi anaingia, mwanawe wa kiume yuko nyuma yake na kadi mkononi. Daktari kijana anaamkia:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo." Macho ya daktari yamekwisha kuhamia kwa yule mwana. "Anasumbuliwa na nini?"

Mwana anaeleza: miguu inawaka moto, presha inapanda, usiku halali, chakula anaonja tu. Bibi yuko kimya, anakunja pindo la kanga na kulikunjua. Daktari anaandika vidonge vya presha na vya maumivu, anasimama kidogo kwa adabu: "Haya bibi, utapona." Hakuna aliyemdharau, wote wawili wamemhurumia kwa dhati. Lakini ugonjwa wake umesimuliwa na mwingine mbele yake, na sababu ya kutolala usiku anarudi nayo nyumbani kama alivyokuja nayo.

Kumpima mzee akili kunataka ujasiri na adabu kwa wakati mmoja. Mtu aliyekuzidi miaka hamsini humwulizi hivi hivi kama anajua leo ni Jumanne. Atakuuliza naye kama umekosa kalenda. Wilayani Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walilikabili tatizo hili pamoja na jingine lililo zito zaidi. Vipimo vingi vilivyotoka Ulaya na Marekani vinamchukulia kila mzee kuwa alisoma shule: aandike sentensi, anakili mchoro, ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa saba saba. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu atashindwa, na kushindwa kwake hakutasema lolote kuhusu ubongo wake.

Ndipo kikatengenezwa kipimo kifupi chenye vipengele sita, kisichodai kusoma wala kuandika. Mzee anaulizwa daraja ni kitu gani. Leo ni siku gani. Kiongozi wa kijiji ni nani. Anaombwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na ayakumbuke maneno aliyotajiwa muda mfupi uliopita. Kisha anapewa njiti za kiberiti azipange kwa kufuata mfano uliowekwa mbele yake. Hapo kwenye njiti ndipo akili ya waliokibuni kipimo inapoonekana: hakuna jiko lisilo na kiberiti, na hakuna bibi atakayeona ametegewa mtihani wa wasomi. Mikono iliyowasha moto maisha yote inapokwama mbele ya njiti chache, kuna jambo la kuchunguzwa.

Utafiti wa vijiji vya Hai uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu na akili, kwa wazee kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Nawaomba wale wa "ni uzee tu" waitazame hesabu hiyo kwa upande wa pili. Tisini na nne waliobaki ni wazee vilevile, wana mvi na mikongojo, na hawakuwa na ugonjwa huo. Kama kupotea njia ya nyumbani kungekuwa sehemu ya uzee, wangepotea wote.

Kiti cha pili kina historia ya damu. Kati ya mwaka 1970 na 1984, zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania kwa tuhuma za uchawi. Walio wengi walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukumani. Ushahidi ulikuwa mwepesi: macho mekundu. Bibi aliyepika kwa kuni na samadi kavu ndani ya jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho mekundu, na mpiga ramli chonganishi atamalizia yaliyobaki. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, mvi zenyewe zimegeuka ushahidi; wapo wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili waendelee kuishi.

Sisemi kila mzee aliyeuawa alikuwa mgonjwa. Wengi walikuwa na akili zao timamu, na kosa lao lilikuwa shamba ambalo warithi walichoka kulisubiri. Lakini mtu akitaka kuona jinsi ugonjwa unavyoweza kumvika mzee joho la uchawi, asome dalili za dimensia huku akikumbuka hadithi alizosimuliwa utotoni. Mgonjwa huchanganya usiku na mchana. Saa nane za usiku anavaa, anafungua mlango, anakwenda shamba aliloliuza zamani. Ipo aina inayomfanya aone waziwazi watoto au wanyama chumbani ambao mwingine hawaoni, na pengine akazungumza nao. Ipo nyingine inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kujizuia na kuona haya, na mwanamke aliyelelewa kwa staha anaanza kutukana hadharani na kuvua nguo.

Sasa mchukue mgonjwa huyo umweke alfajiri kwenye ua wa jirani, nusu uchi, umande miguuni, hajui amefikaje. Habari ya namna hiyo tumeisoma magazetini na kuipokea kwenye simu mara ngapi? Bibi kaanguka na ungo. Umati unajaa, kila mtu anapiga picha. Anaulizwa ametoka wapi na wenzake wako wapi. Kwa kuwa ubongo wake hauwezi tena kuunganisha jana na leo, anajibu ovyo, au anaitikia kila anachoulizwa ili wamwache. Kuitikia huko kunahesabiwa ungamo. Katika umati mzima hatapatikana mmoja wa kumfunika kanga na kuuliza kama usiku uliopita alikuwa na homa.

Na swali la homa ni la maana kuliko linavyosikika. Kiti cha mgonjwa kina faida moja isiyopatikana kwenye vile viwili vingine: anayekikalia anaweza kupona.

Mzee aliyekuwa sawa Jumapili akaanza kuweweseka Jumatano hajazeeka kwa siku tatu. Mwili wake una kitu: nimonia, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka, maji yaliyopungua, choo kilichofunga, dawa mpya aliyoanzishwa, au damu iliyovuja polepole kichwani baada ya kuanguka bafuni. Kwa kijana maambukizi huleta homa na maumivu. Kwa mzee, mara nyingi dalili ya kwanza ni akili kuchafuka. Uchunguzi uliofanyika katika hospitali ya KCMC, Moshi, ulimkuta karibu mzee mmoja kati ya watano waliolazwa akiwa katika hali hiyo. Ni hali ya dharura, inaweza kuua, na mara nyingi hutulia chanzo chake kikitibiwa. Familia inayoanza na kusomewa dua au maombezi haijakosea kumwita Mungu. Itakosea tu ikisubiri wiki mbili kabla ya kumwita daktari.

Kisha kuna sonona, ambayo kwa mzee huvaa nguo za magonjwa mengine. Hatasema ana huzuni. Atasema mgongo, miguu, tumbo limejaa, mwili hauna nguvu. Atakonda. Atapoteza kumbukumbu hata tudhani ni dimensia, na hapo kuna tofauti ndogo ambayo wauguzi wazoefu huigundua: mwenye dimensia hujitahidi kulijibu swali, akakosea na kuficha kosa, mwenye sonona mara nyingi hajaribu, anasema tu sijui. Sababu mara nyingi ziko wazi kwa anayetaka kuziona. Mjane aliyezika mume akazika na wanawe wawili katika miaka ya UKIMWI, akalea wajukuu bila kupata nafasi ya kulia. Mfanyakazi wa reli aliyeamka saa kumi na moja kila siku hadi siku aliyostaafu. Kiinua mgongo kimekwisha, na simu ya watoto walioko Dar es Salaam ni ya kutuma pesa na kukata.

Huyu ndiye anayesema, "Mungu angenichukua tu nipumzike." Tumeizoea kauli hiyo hata tunaiitikia amina. Mara nyingine ni uchovu wa kawaida wa mtu aliyeishi sana. Mara nyingine ni mtu anayefikiria kujiua, na katika sehemu nyingi za dunia viwango vya kujiua viko juu zaidi kwa waliovuka miaka 70. Namna ya kutofautisha ni moja, kumuuliza: "Baba, umewahi kufikiria kujidhuru?" Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo; humwonyesha kwamba yupo anayeweza kulisikia. Sonona ya uzeeni hutibika, kwa mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili, ingawa dawa huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na wengi huiacha katikati wakidhani imeshindwa.

Dawa zenyewe zinataka mkono wa uangalifu. Ini na figo za mzee hazisafishi tena kwa kasi ya zamani, kwa hiyo dozi ya kijana kwake ni nyingi. Amitriptilini, ya bei nafuu na inayojulikana kila mahali, inaweza kumkausha mdomo, kumfungia choo na mkojo, na kumchanganya akili zaidi ya alivyokuja. Diazepamu aliyopewa alale itamwangusha akienda chooni usiku, na nyonga iliyovunjika huzaa maradhi mapya. Haloperidoli, dawa ya kutuliza wanaoweweseka, humkakamaza viungo, na kwa yule anayeona watoto chumbani inaweza kuleta madhara makubwa. Kanuni ya wataalamu ni kuanza na kidogo na kupandisha taratibu. Kanuni ya familia iwe kubeba dawa zote alizonazo mzee, za hospitali, za duka na za mganga, na kuzimwaga mezani kwa daktari azione.

Mengine yanaweza kuzuiwa mapema. Jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa katika maisha yote ya mtu, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya dimensia duniani. Mengi yake tunayajua kwa majina: presha, kisukari, sigara, pombe, kuumia kichwa, kukosa shule utotoni, uziwi usiotibiwa, macho yasiyoona, upweke, sonona. Hewa chafu imo pia, na moshi wa jikoni ni hewa chafu. Bibi wa Usukumani aliyenusurika kuuawa kwa macho mekundu hakuwa amemaliza hesabu zake na moshi ule.

Yupo mtu mwingine katika nyumba yenye mgonjwa asiyetajwa, naye ni mlezi. Mara nyingi ni binti ambaye hakuolewa au aliyeachika, na ndugu wote wamekubaliana bila kikao kwamba kazi ni yake. Anamwogesha mama anayempiga, analala sikio likiwa mlangoni, anajibu swali moja mara ishirini, na Jumamosi kaka anakuja na mfuko wa machungwa kuuliza mbona mama amekonda. Naye ataugua. Kumshikia zamu wiki moja kwa mwezi ni tiba ya watu wawili, na ndugu wanaoishi mbali wakumbuke kuwa muamala wa simu hauamki usiku kumgeuza mgonjwa.

Watasema madaktari wa akili hawapo. Ni kweli, ni wachache mno, na waliopo wako mijini. Zimbabwe ilikuwa katika hali hiyohiyo mwaka 2006, wakati daktari Dixon Chibanda alipokwenda kwa mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha namna ya kuwasikiliza watu waliozidiwa na mawazo na kuwasaidia kupanga hatua za kutoka walipo. Wakapewa benchi la mbao nje ya zahanati, chini ya mti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limefika Malawi na Zanzibar. Ninalolipenda katika habari hii ni kwamba bibi yuleyule tunayemwona mzigo, akifunzwa na kuaminiwa, anaweza kumketisha bibi mwenzake na kumuuliza maswali ambayo daktari kijana anaona haya kuyauliza.

Serikali zetu zimeanza, lakini zimeanzia kwenye mfuko wa pesa. Zanzibar ilianza kumlipa pensheni jamii kila mzee wa miaka 70 na kuendelea mwaka 2016. Kenya inao mpango wake wa Inua Jamii. Mzee mwenye shilingi yake mfukoni hutazamwa kwa jicho jingine nyumbani, na hilo lenyewe ni afya ya akili. Tanzania Bara imekuwa na Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Kinachokosekana ni kitu kidogo cha kila siku: mhudumu wa zahanati anayepima presha apime na kumbukumbu, kwa maswali matano na kiberiti. Haihitaji mashine wala jengo jipya.

Na sisi wasomaji tunayo sehemu yetu. Mzee wako akibadilika ghafla, mpeleke hospitali leo, usingoje wikendi. Akibadilika polepole, mpeleke pia, na ukifika mwambie daktari amuulize yeye kabla ya kukuuliza wewe. Ukisikia kijijini kuna bibi ameanguka na ungo, nenda na kanga na maji, uwaite ndugu zake, na usirushe picha. Na ukimpigia simu mzazi wako jioni hii, akishaitikia marahaba usikate. Muulize amelalaje, jana alikula nini, na moyoni kuna nini; kisha nyamaza umpe nafasi ya kujibu.